Kipimo cha Nyumbani: Siku za Kwanza za Mwanafunzi Ulaya katika Maandishi ya Kiswahili

Mwanafunzi atokaye Ntobeye, katika wilaya ya Ngara, akifika kusoma katika mji wa kale wa Ulaya, hukabiliwa na kazi mbili kabla ya masomo kuanza. Ya kwanza ni kupata mahali pa kulala na pa kula. Ya pili ni kuwapasha habari wa kwao. Katika kazi ya kwanza wenyeji humsaidia. Katika ya pili hana msaidizi ila lugha yake. Iwe ni kwa barua kama ilivyokuwa zamani, au kwa simu kama ilivyo siku hizi, nyumbani wanamngoja aseme amefika wapi. Aghalabu wanaomngoja ndio waliotoa fedha za kahawa au kuuza ng'ombe ili safari iwezekane. Habari atakazotoa ni malipo ya kwanza ya deni lile. Akisema tu kwamba ameona maajabu yasiyosemeka, amelipa kwa sarafu isiyonunua kitu.

Yafaa basi kuuliza: Kiswahili kimemwekea mwanafunzi huyu akiba gani? Waliomtangulia waliandika nini juu ya kufika kwao, na kwa namna gani? Swali hili ni la fasihi, lakini ni la maisha pia. Habari za kufika zikiandikwa vibaya, uongo mdogo huingia kati ya mtoto na nyumba yake. Yeye huficha upweke na baridi, akataja majumba na taa. Wao huamini kwamba yupo peponi. Mwaka ukipita, hawezi tena kusema kweli bila ya kuonekana kwamba aliwadanganya tangu awali. Na wadogo zake waliosikia zile sifa huanza kukitazama kilima chao kama mahali pa kukimbiwa.

Maandishi ya Kiswahili juu ya kufika Ulaya si machanga. Yamepita umri wa miaka 125. Mwaka 1887 chuo cha lugha za Mashariki kilifunguliwa Berlin, na Kiswahili kikafundishwa humo. Wajerumani waliwahitaji watu ambao Kiswahili ni lugha yao, na ndivyo Amur bin Nasur wa Unguja alivyokuwa mwalimu huko mapema katika miaka ya 1890. Habari alizoandika juu ya safari yake na juu ya mji ule zilichapwa katika mkusanyo wa C. G. Büttner mwaka 1894. Baada yake, mwaka 1900, alifika Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka upande wa Bagamoyo. Watu hawa walikuwa walimu kwa cheo. Lakini katika siku zao za kwanza, kama mgeni ye yote, walikuwa wanafunzi wa mji.

Maandishi yao yana thamani kubwa kwa lugha. Yana sentensi fupi, zenye nguvu, zisizo na mapambo ya bure. Hata hivyo msomaji wa leo hana budi kukumbuka yaliandikwa kwa ajili ya nani. Yalikuwa matini ya kufundishia. Msomaji wake wa kwanza alikuwa Mjerumani ajifunzaye Kiswahili, akiwa ameketi katika mji ule ule unaosimuliwa. Mgeni alikuwa akimweleza mwenyeji habari za nyumba ya mwenyeji. Katika hali hiyo sifa ni adabu, na lawama ni utovu wa adabu. Mtu aliyekaribishwa chakula haelezi mbele ya mwenye nyumba kwamba chumvi imezidi. Kwa hiyo, anapokutana na sifa tupu katika maandishi ya aina hii, mhakiki asiharakishe kusema kwamba mwandishi hakuona zaidi ya hayo. Aseme kwamba msomaji wake hakumruhusu kusema zaidi. Na ni jambo la kutazamwa kwamba kitabu kikubwa kilichotokana na kalamu ya Mtoro, Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903, chaeleza nyumbani, wala si Berlin.

Msomaji alibadilika mwaka 1932, Martin Kayamba alipotoa kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Kwa mtu wa Kagera kumbukumbu hii si ndogo: katika watu watatu waliosemea Tanganyika, mmoja alitoka katika nchi yao. Kitabu kiliandikwa kwa Kiswahili ili kisomwe nyumbani, na hili pekee ni hatua kubwa kupita ile ya Berlin. Tena, mambo ya Ulaya hayakuwa mageni katika nyumba ya Kayamba. Baba yake, Hugh Kayamba, alipelekwa na wamisheni kusoma Uingereza katika karne ya 19. Baba alikwenda kama mwanafunzi. Mwana alikwenda kama shahidi, na ndiye aliyetuachia kitabu.

Jina la kitabu hicho lastahili kusomwa polepole, kwa sababu lina sarufi ya maandishi mengi ya aina yake. Lina vitenzi viwili, kuona na kufanya, na vyote viwili vimebeba nafsi ya wingi, "tu". Wajumbe walifika wakiwa kundi, wakapokewa, wakaongozwa, na kazi yao ilijulikana kabla hawajapanda meli. Mwenye kazi iliyokwisha pangwa huweza kusema "tulifanya" tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi hana fahari hiyo. Nafsi yake ni ya umoja, na katika siku za kwanza hafanyi neno lo lote la kuhesabika: husimama katika foleni, hujaza karatasi, hupotea njia, hurudi alikotoka. Kwa hiyo, anapouiga mtindo wa Kayamba, hubakiwa na kitenzi kimoja tu, kuona. Na kuona peke yake huzaa orodha. Ndege, kisha baridi, kisha treni, kisha chakula kisicho na ladha, kisha kanisa kubwa la mawe. Barua za mtindo huu zaweza kubadilishana majina ya waandishi wake, na hata majina ya miji, bila ya msomaji kutambua.

Kuna kitenzi cha tatu, nacho ndicho kigumu: kutazamwa. Mgeni katika mji wa Ulaya hatazami tu, hutazamwa. Salim bin Abakari, ambaye mwaka 1896 alisafiri Urusi na Siberia pamoja na Mjerumani, alipita katika miji ambayo wakazi wake wengi hawakuwahi kumwona mtu mweusi. Masimulizi yake, yaliyochapwa katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901, hayakuuacha nje mshangao wa watu wale. Hapo msomaji hupata kitu ambacho orodha ya majumba haiwezi kumpa. Anaujua mji kwa macho ya mji wenyewe, kwa jinsi unavyomkodolea mgeni. Mji unaokodoa macho umekiri kwamba nao haujui jambo fulani.

Aliyekifikia kitenzi hiki kwa undani zaidi ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyefika Hamburg mwaka 1867 akiwa mke wa Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1886. Lakini barua alizoziandika kwa mfano wa mtu amwandikiaye rafiki yake wa Unguja zilichapwa muda mrefu baada ya kufa kwake mwaka 1924, na ndizo zinazomhusu mwanafunzi wetu. Humo baridi si habari ya hewa tu. Ni namna ya watu kuketi pamoja bila ya kusogeleana. Hakwenda kusoma shuleni, ila alisoma yote upya: lugha, chakula, namna ya kupokea wageni. Uchungu kwa wapenzi wa Kiswahili ni kwamba barua hizo zilizoelekea Unguja ziliandikwa kwa Kijerumani. Alipata la kusema, na aliyemwambia alimjua. Lugha ndiyo iliyompotea njiani.

Riwaya zetu nazo zimeligusa jambo hili, ila mara nyingi kwa kulizunguka. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, Denge ni kijana aliyekwisha soma Urusi. Msomaji humkuta amekwisha rudi Unguja na elimu yake, na amekwisha ingia katika siasa. Siku zake za kwanza ugenini zimerukwa, na kwa haki, maana kisa ni cha Unguja. Katika Mbali na Nyumbani, ya mwaka 2013, mwandishi huyo huyo amemweka mbele kijana anayeiacha Unguja na kufunga safari ndefu ya nchi kavu kwa hamu ya kusoma Ulaya. Hapa njia yenyewe ndiyo kisa. Jina la kitabu limegonga penyewe: halitaji mji unaoendewa, lataja umbali, na umbali haupimwi ila kutoka mahali fulani. Asiye na nyumbani hawezi kuwa mbali.

Hilo ndilo neno ambalo maandishi haya yote, mazuri na dhaifu, yanalifundisha. Habari za mji wa kigeni hupata uzito kwa kipimo alichokibeba mwandishi kutoka kwao, wala ukubwa wa mji hauwezi kumpa uzito huo. Anayekwenda na kipimo hupima hata kichochoro; anayekiacha nyumbani hupotewa na maneno hata mbele ya ngome.

Na lijaribiwe neno hili kwa mji mmoja. Edinburgh ni mji wa kale wa Scotland, wenye ngome juu ya mwamba na chuo kikuu kilichoanzishwa katika karne ya 16. Huko ndiko Julius Nyerere wa Butiama alikosoma tangu 1949 hata 1952, miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kupata shahada Uingereza, na baadaye alisema kwamba fikira zake za siasa zilikomaa huko. Mwanafunzi wa Ntobeye akifika Edinburgh mwanzoni mwa Oktoba, apime nini, na kwa kipimo gani?

Aanze na saa. Ngara ipo magharibi kabisa ya Tanzania, nayo hufuata saa ile ile ya Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo jua lake huchomoza karibu na saa moja asubuhi, na kuchwa karibu na saa moja jioni, mwaka mzima, bila ya tofauti kubwa. Edinburgh, siku ya kwanza ya Oktoba, jua huchomoza karibu na saa moja na robo, na kuchwa karibu na saa moja kasoro robo. Mgeni huridhika: mchana wa ugenini ni kama wa kwao. Ndipo mchana unapoanza kumponyoka. Katika siku 14 za kwanza hupungua kiasi cha saa nzima, na mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa mbili na dakika 40 asubuhi, likachwa saa tisa na dakika 40. Hapa si macho tu yanayoshangaa, ni lugha. Hesabu ya saa katika Kiswahili imejengwa juu ya jua lisilovunja ahadi. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Mtu afanyeje na neno "alasiri" mahali ambapo alasiri ni giza? Mwandikaji atakayewaeleza wa Ntobeye kwamba saa kumi taa zimekwisha washwa na watoto wanarudi kutoka shule gizani, atakuwa amewaambia habari za Ulaya kwa maneno machache kupita kurasa kumi za sifa. Wataelewa pia, bila ya kuambiwa, kwa nini sauti yake imepungua katika mwezi ule.

Kisha apime kilima. Katikati ya Edinburgh kuna kilima kiitwacho Arthur's Seat, ambacho wenyeji hujivunia. Kimo chake ni mita 251 juu ya bahari. Mto Kagera wenyewe, pale Rusumo unapoanguka katika mpaka wa Rwanda na wilaya ya Ngara, upo juu ya bahari zaidi ya mara nne ya kilele hicho. Mtoto wa Ngara hukinywa kimo hicho pamoja na maji. Asiseme hilo kwa kujivuna. Aliseme ili lizae swali. Mbona basi kilima kidogo kile chaonekana kirefu? Kwa sababu kimesimama peke yake, na mji umejilaza miguuni pake. Ntobeye vilima vimeshikana mabega na nyumba zimetawanyika katika migomba, kila moja na shamba lake. Edinburgh ya kale nyumba zimebanana juu ya mgongo wa mwamba mmoja, ghorofa juu ya ghorofa, na vichochoro vinateremka kati yake kama mifereji. Kule watu wametawanyika na vilima vimesongamana; huku kilima ni kimoja na watu ndio waliosongamana. Ni tofauti ya namna ya kuishi iliyoonwa kwa njia ya ardhi, na hakuna aionayo upesi kama mtu wa milimani.

Kipimo cha tatu wengi hawakitarajii, nacho ni cha watu wa Ngara hasa. Maandishi yote yaliyotajwa yametungwa na upande unaofika. Ngara yajua upande unaopokea. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakiyakimbia mauaji ya Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa kama mji kwa ghafula. Kijana wa leo hakuwapo, au alikuwa mgongoni mwa mama yake, lakini amesimuliwa. Nyumbani kwao wanajua kwamba mgeni huuliza kwanza maji yalipo, kisha kuni, kisha jina la mahali. Wanajua pia kwamba mwenyeji huchoka, huogopa, huhesabu miti yake.

Haifai kumlinganisha mwanafunzi na mkimbizi kana kwamba ni ndugu wa hali moja. Mmoja amefukuzwa na kifo, mwingine amepelekwa na tumaini. Lakini elimu ya mwenyeji ni elimu, na mwanafunzi wa Ngara anayo. Anapokutana na mama mwenye nyumba asiyetabasamu, au karani amwambiaye arudi kesho, anaweza kuandika kitu ambacho Amur bin Nasur hakuwa na nafasi ya kukiandika: jinsi mgeni anavyoonekana kutoka mlangoni kwa mwenyeji. Kitenzi cha tatu, kutazamwa, kwake si fumbo. Watu wake wamewahi kuwa ndio wanaotazama.

Kuna watakaopinga. Watasema kwamba kupima Ulaya kwa Ntobeye ni ufinyu, na kwamba elimu ni kuacha kipimo cha kijijini na kushika cha dunia. Pingamizi hili lina sehemu ya kweli: yupo mgeni ambaye hupima ili adharau, na kila aonalo hulifanya duni kuliko la kwao. Huyo hapimi, anajifariji. Lakini kupima si kusawazisha. Pishi haigeuzi mchele kuwa pishi. Humwambia mnunuzi ni kiasi gani. Tena hicho kiitwacho kipimo cha dunia, kikitazamwa vema, ni kipimo cha kijiji cha mtu mwingine. Nyerere, aliyerudi kutoka Edinburgh, aliwapa wasomaji wa Kiswahili mji mwingine wa kale wa Ulaya alipotafsiri Mabepari wa Venisi, kilichotoka mwaka 1969. Neno "mabepari" katika jina lile ni kipimo: wafanya biashara wa Shakespeare wamewekwa katika mizani ya Tanzania ya miaka ile. Mtu aweza kubishana na mizani hiyo, na wengi wamebishana. Hawezi kusema kwamba haikupima kitu.

Liko tatizo moja zaidi, ambalo watu wa pwani hawakulijua. Amur na Mtoro waliandika kwa lugha yao ya nyumbani. Kijana wa Ntobeye amenyonya Kihangaza, akajifunza Kiswahili shuleni na sokoni, kisha Kiingereza darasani. Habari zake zavuka mito miwili kabla ya kufika karatasini. Kwa wengi hili laonekana hasara, na kwa kweli huwagharimu waandikao maneno ya kuazima, yale yaliyokwisha pangwa katika vitabu vya insha: "mandhari ya kupendeza", "majumba yaliyogusa mawingu". Lakini aliyekwisha hama mara moja kutoka lugha moja hadi nyingine amezoea kuuliza kila neno lina maana gani mahali lilipo. Huko ndiko kuanza kwa uandishi. Hatari ni pale anapoona aibu juu ya mto wa kwanza, akaanza hesabu yake kutoka wa pili.

Kwa hiyo dawa haipo Ulaya, wala haipatikani katika wiki ya mwisho kabla ya safari. Ipo katika shule za Ngara na Biharamulo, katika kipindi cha insha. Mara nyingi mtoto huombwa aeleze safari ya mji mkubwa asioujua, naye hujifunza kusifu kitu asichokiona. Mwalimu amwambie kwanza aeleze njia itokayo nyumbani kwao hadi mtoni: ina miteremko mingapi, jua humpiga upande upi, akutana na nani, na nani humtazama. Atakayeijua njia hiyo kwa maneno, kilima kwa kilima na saa kwa saa, apewe nauli bila ya hofu. Huko aendako kila kichochoro kitakuwa na cha kupimiwa, na watakaobaki nyumbani hawatalipwa kwa sarafu ya uongo.